Siku kijana wetu aliporudi kutoka kambini

Saa 11 alfajiri natoka kwenda ghalani, mama watoto bado yuko zamu ya usiku. Maisha ya ughaibuni ndiyo haya, mke na mume kuonana zaidi kwenye simu kuliko sebuleni. Ila leo kila kitu kimepangwa: mwanetu anarudi kutoka kambi ya shule. Simu walikatazwa wiki nzima. Mimi naunga mkono. Mama yake, asikuambie mtu!

Saa 4, mapumziko. Ujumbe wa mwalimu: wameondoka, wakifika wakaguliwe kupe. Nimekua nikijua kupe ni taabu ya ng'ombe. Kumbe huku wanavizia watoto kwenye majani marefu ya msituni.

Saa 8 zamu imekwisha, mbio mpaka shuleni. Anashuka kwenye basi sauti imemkauka, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba ya hema. "Shikamoo baba." Sijamaliza kuitikia, kageuka kumalizia utani na wenzake kwa lugha ya hapa, kasi hiyo mimi nimebaki natabasamu tu.

Saa 10, bafuni. Nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kitovuni, kinenani. Nyuma ya goti la kushoto, huyo hapo, mdogo kama mbegu ya ufuta. Kupe hapakwi mafuta wala hachomwi moto. Unamshika kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, unamvuta taratibu kwenda juu bila kumzungusha. Katoka mzima. Nimepasafisha kwa spiriti na kuandika tarehe kwenye kalenda, maana kupe wengine hubeba ugonjwa wa Lyme, na upele wake unaotanuka huweza kujitokeza siku 3 hadi 30 baada ya kuumwa. Tukiona upele au homa, moja kwa moja kwa daktari.

Begi sasa. Soksi zimekunjwa vilevile nilivyozikunja mimi. Alizovaa ni zile zile alizoondoka nazo. Zote kwenye maji ya moto, kisha kikaushio kwa joto kali.

Mama yake kaamka. "Kambi ilikuwaje, mwanangu?"
"Poa tu."
Jioni nzima hivyo hivyo, mpaka saa 2 usiku mama anavaa koti la kazini. Hapo ndipo mdomo ukafunguka: mtumbwi ulivyopinduka, nani alilia usiku, mwalimu anavyokoroma. Akamfuata mpaka kwenye lifti, akiwa pekupeku, na mama wa watu akaacha basi lake likaondoka.