"Tumezoea" si "tumeridhika"

Nilikuwa nimeshamaliza kuchambua mahojiano 12 ya wahudumu wa usafi kuhusu mabadiliko ya zamu zao, kwa ajili ya tasnifu yangu. Misimbo, yaani lebo za maana kwenye majibu, nimeweka, nimehesabu, jedwali limekaa vizuri: 9 kati ya 12 "wameridhika na ratiba mpya". Msimamizi wangu alilitazama kisha akaniuliza, "Hilo la kuridhika wamelisema wao au umelisema wewe?"

Nikarudi kwenye rekodi. Hakuna hata mmoja aliyetamka kuridhika. Walichosema ni "tumezoea". Mtu huzoea hata maumivu ya mgongo! Mama mmoja alinyamaza, akavuta pumzi, ndipo akalisema. Nami wakati wa kunakili rekodi kwa maandishi niliuruka ukimya ule nikidhani hauna maana.

Nikamkumbuka mwanaanthropolojia Clifford Geertz. Katika insha yake ya 1973 anatumia mfano wa mwanafalsafa Gilbert Ryle wa wavulana wawili wanaofumba na kufumbua jicho la kulia: mmoja limemcheza tu, mwingine anamkonyeza rafiki yake. Kamera haiwezi kuwatofautisha. Jedwali langu nalo lilinasa neno, likaacha konyezo.

Nilinakili upya, safari hii pamoja na vicheko, vituo na sentensi zilizokatishwa. Kazi ya wiki tatu, na sijutii hata siku moja. Kabla ya kusikiliza kila rekodi niliandika daftarini ninachotarajia kusikia, nipate kuona dhana zangu zinawatangulia wapi wahojiwa.

Uhakiki, yaani kuhoji mamlaka iliyo nyuma ya maneno, ulianza nilipovitazama vitenzi. "Tulipangiwa." "Tuliambiwa." "Tulihamishwa." Kauli ya kutendwa kila mahali, mtendaji haonekani. Nani alipanga? Nani ananufaika zamu ya alfajiri ikizungumzwa kama mvua, kitu kinachokuja chenyewe? Fasiri, yaani kutafuta maana waliyoikusudia wasemaji, ilinionyesha maana ya kuzoea. Maswali haya yakanifikisha kwa wenye mamlaka ya kuwazoesha watu, jambo ambalo hojaji yangu ya mwanzo haikuwa na nafasi hata moja ya kuligusa.

Mwisho niliirudisha rasimu kwa wahojiwa, nikawasomea. Nilipofika penye "walikubali kimya kimya", yule mama aliinua mkono.

"Hapana, mwanangu. Tuliuliza mara mbili, hatukujibiwa. Liandike hilo."

Nikaikata sentensi ile mbele yake. Sura ya nne sasa inaanza na maswali yao mawili, kama walivyoyauliza.