Samaki Laini wa Vilindini

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jumanne jioni binti yangu alifungua sanduku, akatoa khanga ya marehemu bibi yake na kujitanda. Bado inanukia moshi na mafuta ya nazi. Nikamfokea airudishe mara moja. Mtoto wa miaka saba! Tangu tumzike mama sijatoa chozi, maana pale kaburini wazee walinishika bega: "Jikaze, wewe ndiye mwanamume." Nikajikaza.

Usiku usingizi ukagoma, nikajikuta nasoma habari za samaki aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2017, Pseudoliparis swirei. Anaishi katika Mtaro wa Mariana, magharibi mwa Pasifiki, kina cha meta 7,000 hadi karibu 8,000. Zamisha Kilimanjaro humo, hata kilele hukioni. Giza totoro, baridi, na mgandamizo unaokaribia mara 800 ya huu wa hewa tunaoubeba ufukweni. Nikatarajia dude lenye magamba kama chuma. Kumbe hafikii urefu wa rula ya shule, hana gamba hata moja, nyama yake telezi kama uji wa muhogo, ngozi ya waridi inayoonyesha ini lilipo. Hata fuvu halijafunga lote. Na huko huko anawinda vidudu vya jamii ya kamba, anashiba.

Hana kile kifuko cha hewa ambacho samaki wengi huelea nacho. Chupa tupu iliyofungwa kizibo ukiizamisha kilindini inabonyea. Iliyojaa maji inashuka nzima. Muumba kamtilia pia kemikali mwilini inayolinda protini zake zisiharibiwe na ule uzito.

Nikafunga simu. Ezekieli 36 tunaikariri: Bwana anaondoa moyo wa jiwe, anatoa moyo wa nyama. Sasa sisi wazee wa kanisa (nami nimo) tumepata wapi mamlaka ya kuwarudishia wafiwa jiwe? Yesu alilia kwa Lazaro akijua atamfufua, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Wapendwa, tuache. Mjane akilia mwaka wa pili, keti naye. Kijana wa kiume akilia, mpe bega, usimpe hotuba.

Asubuhi nilimtandaza binti yangu ile khanga mabegani mwenyewe. Akaniuliza, "Baba, mbona macho mekundu?" Nikamwambia namkumbuka bibi. Akasema, "Hata mimi," akanipa pindo moja nifutie.