Nilivyofanikiwa kuandika historia ya michezo ya shule yetu ya kijijini

Shule niliyosoma iko kijijini huko Manyara, ni ya serikali, ilianza chini ya misheni ikaja kuchukuliwa baada ya ile Sheria ya Elimu ya 1969, na ina jina kubwa kwenye riadha kwa watu wa ukanda ule. Ila ukiuliza jina hilo lilitoka wapi hupati karatasi. Kuna kabati la makombe ofisini kwa mkuu wa shule, mengi yamefutika maandishi, na kuna stori za wazee basi. Mimi stori zile nazipenda sana, nimekua nazo, na kila nilipokuwa nasikia mzee mwingine wa shule amefariki nilikuwa naumia kweli, maana najua ameondoka na mbio zake zote. Ndo nikaamua kuzikusanya mwenyewe, nikaandika kijitabu kidogo, na nataka nieleze nilivyofanya kwa sababu shule zenye hali kama hii ni nyingi mno.

Shida ya kwanza ni miaka. Mzee atakuambia nani alishinda, alivaa nini, mvua ilinyesha au haikunyesha, hadi jina la mbwa aliyeingia uwanjani, lakini ukimuuliza mwaka gani anakuambia "zamani kidogo, enzi za Mwalimu", yaani Nyerere. Na enzi za Mwalimu ni kuanzia uhuru mpaka 1985! Kwahiyo nikaacha kabisa kuuliza mwaka, nikawa nauliza kulikuwa na nini nchini wakati ule. Hapo mambo yakafunguka. Mmoja aliyekuwa nahodha wa riadha nilimwamkia shikamoo, tukaongea ya familia weee, afu nikamuuliza mzee wangu, siku mliyochukua lile kombe la wilaya watu walikuwa wanaongelea nini kwenye redio? Akajibu hapo hapo, "Si ndo mwaka Bayi alivunja rekodi!"

Sasa hapo inabidi uwe unaijua historia ya taifa vizuri, maana Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, alivunja rekodi ya dunia mara mbili. Kwanza ile ya mita 1500 kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, alipokimbia dakika 3:32.2 akaongoza toka mwanzo hadi mwisho na John Walker wa New Zealand akiwa nyuma yake, halafu ile ya maili moja, Kingston Jamaika, Mei 1975. Nikamuuliza mzee ni ile aliyomwacha Mzungu au ile nyingine? Akasema ile ya Mzungu, tena mwalimu wao wa michezo aliwakusanya akawachorea ubaoni jinsi Bayi alivyotangulia toka mwanzo bila kusubiri mtu. Basi, 1974. Na hapo hapo nikapata kitu kikubwa zaidi ya mwaka, yaani kwanini shule yetu mpaka leo inakimbia kwa kutangulia mbele. Sisi tulikuwa tunafundishwa hivyo na hatukujua ni nani alianzisha, kumbe kilitoka kwenye ubao ule.

Nikajitengenezea orodha ya matukio ya kuulizia. Peter Tino wa timu ya taifa ya mpira anawafunga Zambia kule Ndola tunaenda fainali za Afrika, hiyo ni 1979. Vita ya Kagera 1978 na 1979. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984. Meli ya MV Bukoba kuzama Ziwa Victoria, Mei 1996. Mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998. Kifo cha Mwalimu, Oktoba 1999. Mtu yeyote wa rika lile anakumbuka alikuwa wapi siku hizo, na ukishampeleka pale anaanza kukumbuka na mechi. Mama mmoja aliyecheza netiboli alikuwa anasisitiza timu yao ilienda mkoani mwaka MV Bukoba ilipozama kwa sababu walikuwa kambini na mazoezi yalisimama, wasichana wawili walikuwa na ndugu upande wa Kanda ya Ziwa wanasubiri habari. Huo ni ushahidi mzuri kuliko cheti kwa maoni yangu.

Ila sikuishia kwenye maneno ya mtu mmoja. Kila stori nilitaka niisikie kwa watu wawili wasiokaa pamoja, na kama inawezekana nipate na kitu cha kushika mkononi. Vyeti vinasaidia hata vikiwa havina tarehe. Mkoa wa Manyara ulianzishwa 2002, ulimegwa kutoka Arusha, kwahiyo cheti cha shule yetu kilichoandikwa Mkoa wa Arusha lazima ni cha kabla ya hapo, huhitaji kubishana. Picha nazo angalia jezi, angalia magoli ni ya miti au ya chuma, angalia jengo gani limeshajengwa nyuma yao. Kwenye picha moja bwalo halipo kabisa, na bwalo lina jiwe la msingi lenye mwaka, basi tayari una kikomo.

Lakini hazina yenyewe ilikuwa leja ya stoo. Hii naomba kila mtu anayetaka kufanya kazi kama yangu aisikie. Watu wanatafuta vitabu vya kumbukumbu za michezo wakati shule nyingi hazikuwahi kuviandika, ila stoo lazima iandike, kwa sababu mali ya serikali inakaguliwa. Mpira umepokelewa lini, jezi zimetolewa kwa nani, mkuki umevunjika, kisahani kimepotea. Mtunza stoo wa zamani alikuwa na mwandiko mzuri sana na alikuwa anaandika sababu ya kutoa kifaa, mfano jezi seti moja, mechi ya kirafiki, na jina la shule nyingine. Mimi nilikaa na zile leja nikawa naandika mechi moja moja kutoka kwenye orodha ya jezi. Kuna misimu nimeipata yote humo wakati hakuna binadamu anayeikumbuka.

Na leja ndiyo iliyonisaidia kwenye jambo lililokuwa linaniuma muda mrefu. Kwenye kabati kuna pengo, makombe ya wilaya na mkoa yanakuja yanakuja afu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yanakatika. Kijijini maneno yalikuwa kwamba mkuu wa shule wa kipindi kile alikuwa hapendi michezo, aliiua, na yule mzee ameishi na maneno hayo miaka mingi. Leja inaonyesha mipira iliendelea kununuliwa na kutolewa, mechi za mabweni zilichezwa, bweni la Mkwawa na la Lumumba walikuwa wanakutana kama kawaida. Kilichokatika ni safari za nje. Na sababu inajulikana, kipindi kile serikali ilisimamisha mashindano ya UMISSETA na UMITASHUMTA, yaani michezo ya shule za sekondari na za msingi, nchi nzima, yakaja kurudi awamu ya nne, ya Kikwete. Hakukuwa na kombe la kuleta! Hiyo sura niliandika kwa uangalifu mkubwa na nikampelekea mwenyewe aisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisoma, akaniomba nakala za watoto wake.

Jambo lingine ni mila ya mbio zetu za nyika. Kila mwaka shule nzima inakimbia, njia inashuka mpaka mtoni inapanda tena, na aliyeshinda harusiwi kukaa, anarudi njiani kumfuata wa mwisho wanaingia naye uwanjani, na ndipo mbio zinahesabiwa zimekwisha. Wageni huwa wanashangaa. Wazee wawili wa miaka tofauti wamenieleza kwamba lilianza baada ya Mexico 1968, pale John Stephen Akhwari alipoanguka akaumia goti kwenye marathoni akaendelea hadi akamaliza, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Akhwari ni mtu wa Mbulu, ni wa kwetu, na mwalimu wa wakati ule alisema hapa shuleni hakuna mtu atakayemaliza peke yake. Nimeiandika kama walivyonipa, na majina yao nimeyaweka pembeni ya stori kwa ruhusa yao, ili anayesoma ajue imetoka kwa nani.

Kijitabu kimetolewa fotokopi, nakala ziko maktaba na nyingine ofisini, na sehemu moja ilisomwa kwenye mahafali ya kidato cha nne. Baada ya hapo ndo watu wakaanza kuleta vitu wenyewe, hasa wanawake, kwa sababu upande wa netiboli na riadha ya wasichana ulikuwa mwembamba, makombe yao mengi hayakuwahi hata kuwekwa kabatini. Sasa hivi napokea picha kwenye WhatsApp, nawaomba wazipige mbele na nyuma, maana nyuma ndo kuna maandishi. Mwalimu wa michezo wa sasa nimemwachia daftari gumu na tumekubaliana anaandika vitu vichache tu kila mechi, tarehe, wapinzani, matokeo, majina ya waliocheza wakiwemo wa akiba, na nani alichezesha. Mechi za mabweni pia zinaingia, na toleo la pili la kijitabu litaanza na wasichana.