Guangzhou siku ya kwanza, na OTP iliyobaki Dar

Jamani mi nilijua simu yangu imejiandaa kuliko hata begi. Nimetoka Kariakoo kufuata mikoba Guangzhou, nimeshuka eapoti ya Baiyun, nimeunga waifai, nafungua WhatsApp nimwambie mume wangu nimefika, kimya. Google kimya, Insta kimya, ramani ndo kabisa. China hizo zote zimefungwa, na VPN, app ya kupenyea palipofungwa, kama hukuiweka nyumbani ukishafika kuipata ni kazi.

Nikasema basi niite Didi, ndo teksi zao, unaikuta humohumo ndani ya Alipay, app yao ya malipo. Alipay ninayo ila kadi ya benki sijaiunganisha, nikajaza namba palepale, OTP, ile namba ya kuthibitisha, ikaenda kwenye laini yangu ya Bongo na laini yenyewe nimeiacha Dar kwenye droo eti isije ikapotea! Nikawa mdogo kama piriton.

Aliyeniokoa dada mmoja Mkenya, na yeye alikuwa anaelekea Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi humo Guangzhou. Laini yake ya Nairobi alikuwa ameiwashia roming, na laini ya nje ukiitumia kule WhatsApp inafunguka kama uko kwenu tu, akanipa hotspot nikampigia mume wangu, akatoa laini kwenye droo akaitia kwenye simu yake akanisomea tarakimu. Ya kwanza ilishaexpire, ya pili ikakubali.

Kuanzia hapo raha. Hata mama wa mandazi ya mvuke pale barabarani ana QR yake kaining'iniza kwa kamba, unaskani, kispika chake kinataja hela iliyoingia, anakupa mfuko wako. Ila kadi ya nje malipo yakizidi yuan 200 unakatwa asilimia 3, kwa hiyo vitu vidogo lipa kimoja kimoja.

Kilichonichekesha ni kutafsiri. Kiswahili na Kichina nilividaunlodi kabla ya safari, vinafanya kazi bila data. Dukani nikaandika "dada, hii bei imenikata maini", nikamgeuzia simu, yule binti akaniangalia tumbo, akaondoka mbio, akarudi na kikombe cha maji ya moto. Nikanywa, ningefanyaje. Nikafuta, nikaandika "pisi 50, bei ngapi?" Akavuta kikokotoo chake, akabonyeza 38, nikabonyeza 25, hapo ndo tukaanza kuelewana.