Nati ya Sita
Kombi yetu ya Volkswagen ilikuwa ya 1974, injini ya cc 1600 inayopozwa kwa hewa. Tuliiegesha uani Raskazone, Tanga, Desemba 2009, siku mbili kabla ya kupanda Lushoto. Ndani ilibeba kitanda cha mbao, jiko na mtungi wa gesi, pamoja na tangi la maji la lita 60. Kwa mzigo huo, kubadilisha oili sikungoja kilomita 5,000 zinazotajwa kwenye kitabu cha gari. Oili ya injini ile inalainisha na inapoza pia, nayo yote ni lita 2.5 tu. Kombi iliyogeuzwa nyumba niliibadilishia oili kila kilomita 3,000.

Alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa, tulianza kupima nafasi za valvu: milimita 0.15, zote nane. Hizo lazima zitangulie, maana ukishaipasha injini, kipimo cha valvu hakifai tena mpaka kesho yake. Ndipo tukaiwasha, ikaunguruma dakika kumi. Oili ikiwa ya moto hutoka pamoja na uchafu wake; ikiwa baridi, uchafu unabaki umelala chini.

Jeki ya nini? Kombi iko juu ya kutosha mtu kuingia chini yake, tena inatakiwa isimame sawasawa. Mpwa wangu alisukuma beseni mahali pake, nikalegeza bolti ya katikati, ya kumwagia oili, kwa spana namba 19, nikamalizia kwa vidole huku mkono nimeuweka pembeni, kwa sababu oili ile inaunguza. Tukaiacha idondoke nusu saa.

Wengi huishia hapo, wakarudisha bolti na kumimina oili mpya. Injini hii haina filta ya kufunga na kutupa kama gari za siku hizi. Ina chujio la wavu tu, juu ya sahani ya duara iliyoshikwa na nati sita ndogo za spana namba 10. Usipofungua sahani hiyo, tope lote linabaki. Nilizilegeza moja baada ya nyingine, sahani ikashuka na kikombe kizima cha oili ambayo bolti haikuweza kuitoa.

Chujio tulilichunguza juani kabla ya kuliosha. Masizi meusi ni ya kawaida. Unachotafuta ni vumbi linalong'aa kama dhahabu au fedha, maana hilo ni beringi zinalika. Hatukuona kitu. Lakini sahani yenyewe ilikuwa imebonyea kwenye kila tundu la nati, na chini ya gasketi moja tukakuta nyingine kuukuu imeganda. Fundi wa mji mwingine aliyeifunga mara ya mwisho alizikaza nati zile kama za magurudumu, na oili ilipoendelea kuvuja akazidi kukaza.

Tulinyoosha sahani kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha chuma bapa, tukaosha kila kitu kwa petroli, tukakwangua gasketi kwa kipande cha mti. Kisu kisiguse pale. Bodi ya injini ni aloi ya magnesi, laini, na mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha. Gasketi ni mbili, moja juu ya chujio na moja chini yake, zimepakwa grisi kidogo tu. Silikoni ya kuzibia sikuiruhusu, na sijawahi kuiruhusu: ikizidi, inakatika vipande ndani na kuelekea kwenye bomba la kunyonyea oili. Bomba hilo ndilo linaloingia katikati ya chujio, na ukipandisha sahani hakikisha limekaa vizuri. Kila nati inapata washa mpya ya shaba.

Nguvu ya kukaza nati hizo ni nyutoni-mita 7. Hiyo ni spana fupi iliyoshikwa karibu na kichwa chake, kwa vidole viwili, nati ukizifuata kwa kukabiliana, si kwa kuzunguka. Bolti ya katikati inapokea 34. Nilimwachia mpwa azikaze mwenyewe, ajue mkono wake.

"Mjomba, hii ya sita inazunguka tu, haikazi."

Nikaivuta. Ikatoka pamoja na stadi yake, ile bolti isiyo na kichwa iliyopandwa kwenye bodi, na nyuzi za tundu la magnesi zimeizunguka kama unga wa kijivu.

Nati tano hazitoshi. Pembe ile ingevuja, na kwenye mlima, injini ikiwa ya moto, oili ni nyepesi kama maji. Jirani mmoja alishauri gundi ya chuma. Gundi haishiki tundu lililolowa oili, na hata ikishika, mara ya pili ukifungua inang'oka. Dawa yake ni stadi yenye ngazi, milimita 8 upande wa kuingia kwenye bodi, milimita 6 upande wa nati. Dukani hatukuipata, tukampelekea mkereza vyuma bolti ya 8 na nati yetu moja ya mfano. Akaipunguza upande mmoja, akakata nyuzi za 6 zenye hatua ya milimita 1.

Kutoboa ndiko kulikotuchukua jioni yote. Tulitumia keekee ya mkono, si ya umeme, na ncha ya milimita 6.8. Utepe ulifungwa kwenye ncha kuonyesha kina cha stadi ya zamani, tusipitilize. Ncha ilipakwa grisi nyingi ili unga ushikwe badala ya kupanda ndani ya injini. Miwani machoni, kwa kuwa unatoboa ukitazama juu. Petroli ya kuoshea ilikuwa imeshapelekwa mbali, na hakuna aliyewasha hata kiberiti, maana unga wa magnesi unashika moto na maji hayauzimi. Kisha tepu ya kukatia nyuzi za 8: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, toa, futa, paka grisi, rudi. Stadi iliingia na tone la gundi ya nyuzi, ikalala mpaka asubuhi.

Oili ilikuwa 20W-50, dumu la lita 4, na hapo ndipo watu wanaponzwa: wanaona dumu, wanamimina lote. Nyuma ya puli ya injini hii hakuna sili ya kuzuia oili, kuna mfereji wa nyuzi tu unaorudisha oili ndani. Ikizidi, inatoka hapo na kurushwa injini nzima, au inapenya sili ya flaiwili na kulowesha klachi. Nilimimina lita 2.2, nikaiwasha, taa ya oili ikazimika baada ya sekunde chache. Nikaizima, nikasubiri dakika tano, dipstiki ikasoma chini kidogo ya alama ya juu. Nikaongeza kikombe. Oili chafu ilirudi kwenye dumu kuukuu na kufungwa kifuniko. Raskazone mfereji wowote unaishia baharini.

Kadibodi tuliyoitandika chini usiku ule ilikuwa kavu asubuhi.

Kutoka Mombo barabara inapanda kilomita 33 hivi mpaka Lushoto, kona juu ya kona, gia ya pili na mara nyingine ya kwanza. Tulisimama Soni kuipumzisha injini. Mpwa aliingia chini kabla sijafungua mlango, akapitisha kitambaa cheupe kuizunguka sahani, kwenye nati moja moja, akanitolea nikitazame. Kilikuwa na vumbi jekundu la Usambara, bila oili.