Anakujua, au kakata tamaa?

Wiki ya pili hii neno la wifi halijanitoka. Msiba wa Fuoni tumeshamaliza hitma, barua ya uhamisho wa kazi imekuja na ni Makunduchi kweli, kule kusini ya Unguja, kama nilivyoogopa, maji yamekatika yakarudi, na miye kichwani nina sentensi moja tu ya mtu aliyekuwa anachambua mchicha.

Ilikuwa baada ya laasiri. Wifi kakaa juu ya mkeka ukumbini, miguu kainyoosha, bakuli la mchicha mapajani. Miye nimemtoa Sitara, nyoka wangu, ili nimsafishie boksi lake. Mnajua wifi na nyoka. Siku aliyofika kutoka Wete aliuliza kwanza kama kifuniko kina kufuli, ndipo akavua viatu. Lakini siku hiyo hakukimbilia chumbani. Aliangalia tu. Sitara alikuwa mkononi mwangu, kimya, hasogei.

"Huyu anakujua?"

"Ananijua, wifi."

"Anakujua, au kakata tamaa?"

Nikacheka. Na yeye akacheka, kisha akaniuliza kama lile tui la asubuhi linatosha au tukune nazi nyingine. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Angelisema kwa utani ningelijua la kumrudishia, maana utani wa mawifi sisi hatujambo. Kalisema kwa upole, kama anayetaka kujua. Tangu hapo nalirudia ndani ya daladala, nalirudia nikisahihisha madaftari ya darasa la kumi, na juzi kwenye hitma yenyewe, mbele ya sinia la pilau, nilikuwa natunga jibu.

Kwanza nililichukua kama suala la nyoka, kwa sababu hapo angalau nina pa kusimama. Sitara ni nyoka wa nyumba, yule wa kahawia mwenye michirizi miwili myeupe kila upande wa kichwa. Hana sumu ya kumdhuru mtu, mchana hujificha, usiku hutoka kutafuta panya na mijusi. (Bi mkubwa wa nyumba ya pili hachoki kunikumbusha kwamba nyoka wa nyumbani huonywa siku tatu, akikaidi ndiyo basi. Huyu wetu ana kibali kimebandikwa ukutani na hajaonywa hata saa moja.) Kwa nyoka mdogo kama huyu kila kitu ni adui: paka, nguchiro, mwewe, na hawa kunguru walioletwa kutoka India karne ya 19 ambao wametushinda hata sisi wenye mawe. Mkono ukimshukia kutoka juu, kwake hizo ni kucha. Hajui kama ni mkono wa mwalimu.

Ndiyo maana simnyakui. Naingiza mkono kwa ubavuni, chini, namgusa katikati ya mwili kwa mgongo wa kidole ili ajue kwamba hiki si chakula wala si vita. Nangoja atoe ulimi. Kisha namwinua kwa mikono miwili, mwili wote uwe na pa kulalia, na kichwa sikishiki. Akitaka kwenda namwacha aende. Mkono huu ukimwishia, naweka mwengine mbele yake.

Mnaokumbuka alivyokuwa mwanzo mtanielewa. Alikuwa anatetemesha mkia, anaikunja shingo, ananirukia mdomo ukiwa umefungwa, na akiona hayo hayafai ananimwagia ule uvundo wa nyuma ambao Baba Nasra alisema ni kama dagaa walionyeshewa na mvua. Siku hizi hafanyi hayo. Nami nilikuwa nahesabu kwamba huo ndio utulivu, ndiko kuzoeana.

Sasa hapo ndipo wifi alipochoma. Nyoka akiogopa kupita kiasi huganda. Unaweza ukamshika, ukamsifia upole mbele ya wageni, kumbe roho iko juu juu. Tofauti iko mwilini. Aliyetulia ni mlegevu, uzito wake unaumwagikia mkono, na ulimi unatoka taratibu unaonja hewa. Aliyeganda misuli imekaza, unahisi umeshika fimbo, na ulimi ama hauonekani kabisa ama unapepea haraka haraka. Kwa hiyo swali ni moja tu: siku ile mwili wa Sitara ulikuwaje? Naikumbuka rangi ya bakuli. Nakumbuka wifi alivyokuwa akikata mizizi kwa kucha. Mwili wa Sitara siukumbuki.

Na alikuwa hali chakula. Hilo sikuliandika hapa kwa sababu kila nikiandika kwamba hali, mnanijaza ushauri. Ni kipupwe, usiku kuna baridi, na nyoka akipata baridi tumbo nalo hulala. Halafu macho yakaanza kuingia ukungu. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu ambalo huvuliwa pamoja na ngozi nyengine yote, na kabla ya kujivua hugeuka buluu ya maziwa. Siku hizo haoni vizuri, kila kivuli kinamshitua, hashikwi na halishwi. Nasra kamchungulia kwenye boksi, akasema kwa ile sauti yake ya kwenye uwanja wa mpira: "Mama, na Sitara ana mtoto wa jicho kama shangazi?"

Shangazi mwenyewe alikuwa chumba cha pili.

Ndipo nikaanza kudhani lile neno halikumhusu nyoka hata kidogo. Wifi kaja Unguja kwa ajili ya macho. Asubuhi ya siku ileile nilikuwa naye kliniki, nikaona alivyoshikwa kidevu, akaambiwa weka hapa, tulia, usipepese, angalia juu, angalia sikio langu. Alikaa kimya kabisa. Mwanamke anayewapangia vibarua karafuu shamba zima kwa sauti yake tu, akakaa kama alivyowekwa. Na tulipotoka nikamwambia, nikidhani namsifu, "Wifi, leo umetulia vizuri." Hakujibu. Akanunua machungwa.

Au lilikuwa langu miye, na hii barua ya Makunduchi ambayo niliipokea nikasema sawa, sawa, nikaikunja. Sijui. Usiku mtu hupata maana nyingi kuliko zilizosemwa.

Basi wifi karudi Pemba, siku ya operesheni atapigiwa simu. Ukungu ukaondoka machoni mwa Sitara, na siku chache baadaye nikakuta ngozi boksini, nzima, imepinduka nje ndani, na vile vioo viwili vya macho vikiwa mahali pake. Hapo ndipo nikatoa panya kwenye friza. Wale wanaouliza: ni panya weupe, kuna kijana Mwanakwerekwe anawafuga. Panya wa mtaani simpi, huwezi kujua kala sumu ya nani. Nachagua asiyezidi unene wa Sitara pale aliponenepa, naacha barafu iyayuke, kisha namtia ndani ya mfuko kwenye maji ya moto ya kustahamilika mpaka awe na joto la kiumbe hai. Mfu ni salama zaidi, maana panya mzima aliyekwama na nyoka mwoga huuma.

Nyoka jasiri unamchezeshea panya kwa koleo naye anadaka. Huyu ukimchezeshea anakimbia. Nikamlaza panya kwenye mlango wa kile chungu kilichovunjika anamojificha, nikafunika boksi kwa kanga, nikazima taa, nikaenda kulala bila matumaini yoyote.

Usiku wa manane umeme ukakatika. Friji ikanyamaza, na ule muziki wa kule nyuma ukanyamaza. Nyoka hana masikio ya nje kama yetu, lakini taya lake likiwa chini hupokea kila mtikisiko, na friji ile ikiwaka hata vikombe kabatini vinajua. Nikasikia kitu kinakwaruza chungu. Nikaamka, nikaifunika tochi ya simu kwa upindo wa kanga ili ubaki mwanga wa kuchungulia tu.

Alikuwa amemzungushia panya mizunguko miwili, anambana, ingawa panya kafa zamani. Kisha akajifungua, akampapasa kwa pua mpaka akakipata kichwa. Huanzia kichwani, ili manyoya na miguu ilale. Upande mmoja wa taya ukasogea mbele ukashika, ule mwengine ukafuata, tena huu, tena ule, bila haraka. Ngozi ya shingo ikatanuka mpaka magamba yakaachana, nikaona weupe katikati yake. Mwisho ulibaki mkia peke yake, nao ukaingia. Akapiga mwayo mkubwa, akarudisha taya mahali pake, akaingia chunguni. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, saa ya wachawi, nacheka peke yangu.

Aliyekata tamaa angekula hivi? Nilingoja alfajiri kwa shida. Nikaswali, nikampigia.

"Wifi, kala!"

"Nani kala?"

"Sitara."

"Alhamdulillahi. Kala nini?"

"Panya."

"Lahaula."

Nikamwambia, ile siku uliniuliza kama ananijua au kakata tamaa.

"Siku gani?"

"Ile ya mchicha, wifi."

Akanyamaza kidogo, anatafuta kweli. "Nilisema hivyo miye? Wallahi sikumbuki. Siku ile nilikuwa nawaza nauli ya boti."

Nusu ya pilau ya hitma imenipita kooni bila ladha kwa ajili ya neno ambalo mwenyewe hana habari nalo! Sikujua nicheke au nimkatie simu. Sitara kwa sasa hagusiki mpaka zipite siku mbili tatu, akishikwa na shibe atatapika, na boksi nimelihamishia chumba cha ndani, mbali na friji. Nani atamlisha nikianza kulala Makunduchi ni mjadala ambao Baba Nasra anaukwepa kwa ustadi.

Lakini kabla ya kuagana wifi kanitia jengine. "Hivi Nasra mbona akisoma juzuu anaitia puani?" Nikamwambia ni uvivu wa kukaa sawa. Jana nikamkalia karibu akifanya hesabu, na anainama kweli, nywele zinagusa daftari. Nikasema labda ni taa. Nikabadilisha taa. Asubuhi nikampigia mwalimu wake wa darasa, nikamuuliza tu, kwa njia ya mazungumzo, Nasra anakaa dawati gani. Akasema la mbele kabisa, tangu muhula uanze, kaomba mwenyewe.