Nilivyoacha kukimbizana na uvumi

Kwa muda wa miezi karibu saba baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2022, sikutaka neno siasa litajwe mbele yangu. Redio ikianza taarifa ya habari nilizima, na jirani akiniuliza mambo ya kaunti nilimjibu kwamba sijui, ilhali kwa miaka mingi nilikuwa nikijitolea kuelimisha wapigakura huku kwetu Likoni, Mombasa, nikienda nyumba kwa nyumba kueleza namna kura inavyopigwa na inavyohesabiwa. Naandika haya kwa sababu nawaona vijana wanaoingia katika uchovu ule ule, na nawahurumia.

Kushindwa hakukuwa kugeni kwangu. Mwaka 2017 uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti ulifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, na bado nilibaki na nguvu zangu. Mwaka 2022 kilichonimaliza ni simu. Tume ya uchaguzi iliweka katika tovuti yake picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kura za urais katika kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe, jambo ambalo mpaka leo naliona kuwa jema. Lakini vyombo vya habari vilijumlisha kila kimoja kwa mpangilio wake, hesabu zikatofautiana, na watu wakaichukua tofauti hiyo kuwa ushahidi wa wizi. Katika siku sita kati ya kupiga kura na kutangazwa kwa mshindi tarehe 15 Agosti, zilimiminika fomu za kughushi, sauti za watu wasiojulikana na picha za miaka iliyopita.

Nilijipa kazi ya kujibu kila kitu. Katika kundi la familia, la mtaa, la chama cha akina mama na la tuliosoma pamoja, nilijibu mpaka saa nane za usiku, na kila uvumi niliouzima ulirudi asubuhi kupitia mtu mwingine. Wakati huo huo uchaguzi wa gavana wa Mombasa ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya kasoro katika karatasi za kura, ukafanyika tarehe 29 Agosti. Wanawake watatu niliokuwa nimewashawishi kujiandikisha waliniambia hawarudi tena foleni, kwa kuwa kila kitu kimeshapangwa. Sikuwa na neno la kuwajibu, na siku hiyo nilijitoa katika makundi yote.

Aliyenirudisha ni ami yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye ndiye aliyekuwa akinitumia uvumi kuliko wote. Alikuja kwangu mwezi wa Machi 2023. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi barazani na kunipa simu yake. "Mwanangu, mbona hunijibu? Hebu niangalilie hii, nataka kujua ni kweli au si kweli." Ilikuwa fomu 34A aliyoihifadhi tangu Agosti. Nilimwonyesha kwa kidole mstari wa mgombea mmoja: kura 812. Kisha nikamweleza kwamba kisheria kituo kimoja cha kupigia kura hakiandikishi zaidi ya watu 700. Alivaa miwani, akaisoma ile tarakimu mara mbili, akanyamaza kitambo. "Basi aliyeniletea amenidanganya," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia. Miezi yote ile nilikuwa nikimwandikia majibu marefu mbele ya jamaa arubaini, na hakuna lililomfikia kama zile dakika kumi za kukaa naye.

Tangu hapo nimejiwekea mipaka. Nilirudi katika kundi la familia peke yake. Uvumi ninaoujibu ni ule ninaoweza kuupima kwa karatasi au kwa macho yangu, na namjibu mhusika kwa kumpigia simu au kumwendea. Baada ya sala ya Isha simu hukaa kabatini. Mipaka hiyo ilijaribiwa sana tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia katika majengo ya Bunge kuupinga Mswada wa Fedha na wengine wakapigwa risasi. Nililia usiku ule, lakini sikusambaza hata picha moja ambayo sikujua imetoka wapi.

Ami ndiye aliyeniuliza, siku ile ile barazani, "Na maji je, nayo yana fomu?" Yana. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Tulikwenda kikaoni watu wanne, tukauliza juu ya bomba la mtaa wetu, ambako mtungi wa lita ishirini bado unaletwa kwa mkokoteni. Halikuwamo katika makadirio ya mwaka ule. Mwaka uliofuata tulikwenda watu kumi na mmoja, wakiwamo wawili kati ya wale wanawake watatu. Bomba bado hatujalipata. Nakala ya ombi letu, yenye muhuri wa kupokelewa, ami ameitia katika mfuko wa plastiki pamoja na hati ya kiwanja chake, na kila Machi huniuliza tarehe ya kikao.